Fundi Aichekaye Kazi Yake ya Kale

Sisi tufundishao shule tumezoea kuona daftari lililopungua kurasa. Mtoto hupewa daftari zima mwezi wa Januari, na ifikapo Juni limekonda, wala hakuna panya aliyelila. Kurasa zilizokosekana ndizo zile zilizorudi na wino mwekundu. Mwenyewe alitazama kulia na kushoto, akazichana polepole asisikiwe, kisha akazitia motoni chini ya chungu cha mama yake. Wala watu wazima hawajaiacha desturi hiyo. Seremala hapendi kuulizwa habari za kiti chake cha kwanza, na mshonaji akiiona kanzu aliyoishona alipokuwa angali akijifunza, hugeuza uso asije mvaaji akamsalimu.

Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu wa kazi moja ambao desturi yao ni kinyume cha hiyo. Ni watunga programu, yaani wale waandikao maagizo yanayoziongoza kompyuta na simu. Watu hawa huziweka kazi zao za kale, huzifungua baada ya miaka mingi, huzisoma mbele ya wenzao, na kucheka mpaka machozi yakawatoka. Hawamcheki mwingine, hujicheka wenyewe. Tulipoyasikia haya mara ya kwanza tulidhani ni mchezo tu wa vijana wa mjini. Lakini tumeyachunguza, na sasa twaona kwamba ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tukaao huku, kutoka Kilwa Kivinje mpaka Lindi na ng'ambo ya Lukuledi, hata asiyewahi kuigusa kompyuta kwa kidole chake.

Kwanza yafaa tueleze programu ni nini. Mkulima akipokea katika simu yake ujumbe wa fedha za korosho, hakuna karani aliyekaa mahali akauandika ujumbe ule kwa ajili yake. Yuko mtu aliyeandika maagizo zamani, mstari baada ya mstari: fedha zikiingia kwa fulani, mwandikie hivi, na hesabu yake iongeze hivi. Maagizo hayo ndiyo programu. Na kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukimtuma mtoto kisimani akajaze ndoo, naye akakuta ndoo imetoboka, atarudi akuambie. Kompyuta haitarudi. Itateka na kumimina, itateka na kumimina, usiku kucha na kesho yake, mpaka atokee mtu wa kuizima. Wala haitakuwa imekosa neno, maana ilifanya vile vile ilivyoandikiwa. Kwa hiyo kila upumbavu wa mwandishi huonekana mwishowe, na kwa kuwa maandishi yale hayaozi kama mbao, hukaa pale ukimngoja mwenyewe arudi.

Yuko kijana mmoja tuliyemfundisha hesabu, naye siku hizi ni mtunga programu mjini Dar es Salaam. Alipokuja nyumbani kupumzika alitufungulia kazi yake ya kwanza kabisa, aliyoiandika kwa kujizoeza tu. Ilikuwa programu ya kujumlisha kilo za korosho za mkulima mmoja mmoja. Aliandika gunia la kwanza, kilo 80; akaandika la pili, kilo 75; akaiamuru ijumlishe. Jibu likatoka: 8075. Tukamwuliza, imekuwaje? Akasema kwamba katika lugha ile aliyoitumia, kompyuta isipoambiwa waziwazi kuwa kitu hiki ni hesabu, hukichukua kuwa ni maandishi. Na kujumlisha maandishi maana yake ni kuyaunga, kama mtu aungavyo "mwana" na "maji" akapata "mwanamaji". Basi mzee wa magunia mawili akawa tajiri wa tani 8 kwa dakika moja, wala hakujua.

Hayo hayakuwa yote. Katika programu kila kitu hupewa jina ili kikumbukwe, naye aliviita vitu vyake "kitu", na "kitu2", na "kitukipya", na "kitukipyakabisa", hata mwisho yeye mwenyewe hakujua kipi ni kilo na kipi ni shilingi. Tena mna nafasi ya kuandika maneno yasiyosomwa na kompyuta, ila na mtu atakayekuja baadaye. Kwa kawaida fundi huandika hapo sababu ya alilolifanya. Kijana wetu aliandika hivi: "Usiguse mstari huu. Sijui kazi yake, lakini ukiuondoa yote hufa." Alipofika hapo hakuweza kuendelea kusoma. Alishika mbavu, akaketi chini. Nasi tukacheka pamoja naye, ingawa wengine kati yetu hatukuelewa hata nusu ya yaliyoandikwa.

Kumbe alikuwa amekuja na shauri. Kazi ile ilikuwa wazi katika intaneti, ambako yeyote aweza kuisoma, naye alikuwa akitafuta kazi iliyo bora zaidi. Na siku hizi mabwana wa kuajiri huyatazama maandishi ya mtu kabla ya kumwita. Rafiki zake wamemwambia aifute. Akatuuliza, "Waalimu wangu, niifute au niiache?" Hapo tukagawanyika. Mwalimu wetu mkubwa akasema kwamba mtu aendaye kuposa havai shati lililochanika, hata kama shati lile ndilo alilolimia shamba la mahari. Neno hili lilikuwa na nguvu, na kwa kitambo hakuna aliyelijibu.

Kijana mwenyewe akatueleza jambo lililotushangaza. Mwaka wa 2005 mtu wa Finland aitwaye Linus Torvalds alitunga programu iitwayo Git, ya kuhifadhi maandishi ya watunga programu. Nayo huhifadhi kila mstari pamoja na jina la aliyeuandika na siku aliyouandika. Ndani yake imo amri ambayo jina lake maana yake ni "lawama". Ukiuona mstari mbovu, huipiga amri hiyo, nayo hukuambia ni nani wa kulaumiwa. Kiko kisa wanachokisimulia wote, na kila mmoja huapa kwamba kilimpata yeye: mtu anafungua kazi ya zamani, anauona mstari mbaya, anakasirika, anauliza kwa sauti ni mpumbavu gani aliyeandika haya, anapiga amri ya lawama, na jina linalotokea ni lake mwenyewe, na tarehe ya miaka mitano nyuma. Torvalds naye ana mzaha wake. Neno "git" kwa Waingereza ni tusi la kumwita mtu mpuuzi. Alipoulizwa sababu ya kulichagua, alijibu kwamba yeye huzipa kazi zake jina lake mwenyewe.

Na msidhani kwamba ni wanagenzi tu wafanyao hivyo. Ken Thompson alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Unix, iliyoanza mwaka wa 1969 katika Bell Labs huko Marekani; na simu nyingi tulizo nazo mifukoni leo zafuata njia walizozikata watu wale. Katika Unix amri ya kuumba faili jipya iliandikwa "creat", hali neno la Kiingereza lina herufi moja zaidi mwishoni. Ni kama mtu aliyetaka kuandika "umba" akaandika "umb". Alipoulizwa baadaye angebadili nini kama angeianza tena Unix, jibu lake lilikuwa kwamba angeiongeza herufi ile. Mtu wa heshima kubwa namna ile, aulizwapo habari za kazi iliyoubadili ulimwengu, ataja herufi moja.

Mwenzake wa mahali pale pale, Stuart Feldman, alitunga mwaka wa 1976 programu iitwayo Make, inayowasaidia mafundi kuziunganisha kazi zao. Katika kuiandikia Make ziko nafasi tupu za namna mbili. Kwa jicho ni moja, hakuna awezaye kuzitambua. Lakini moja yatoka katika kitufe kirefu cha chini, na nyingine katika kitufe cha kusogeza mstari, na Make yaikubali hii ya pili tu mahali pale. Mtu akikosea, programu inakataa, naye hutazama karatasi yake saa nzima akitafuta kosa lisiloonekana. Feldman aliliona kosa hilo mapema sana. Lakini baada ya majuma machache tu alikuwa amekwisha kupata watu kama kumi na wawili waliokuwa wakiitumia Make, wengi wao rafiki zake, naye hakutaka kuwaharibia kazi. Kwa hiyo akaliacha. Rafiki wale kumi na wawili wakawa maelfu na maelfu, na nafasi ile tupu iko hata leo, ikiwatesa watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Yeye mwenyewe amekisimulia kisa hiki kwa masikitiko yenye kicheko. Mwaka wa 2003 chama cha wataalamu wa kompyuta kilimpa tuzo kwa sababu ya Make hiyo hiyo.

Tim Berners-Lee pia, Mwingereza aliyeibuni njia ya kurasa za intaneti, alikiri mwaka wa 2009 kwamba vile vistari viwili vya mshazari vilivyo mwanzoni mwa kila anwani havikuwa na haja, na kwamba karatasi nyingi na wakati mwingi vimepotea kwa kuviandika.

Lakini anayetupendeza kupita wote ni Donald Knuth, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Stanford katika California. Huyu alikuwa akiandika vitabu vikubwa vya elimu ya kompyuta, na katika miaka ya 1970 wachapaji walipomletea kurasa za kitabu chake ili azisahihishe, aliziona mbaya mno hata akaudhika. Wasomaji wa gazeti hili, ambao wamewahi kuona herufi zikichapwa juu chini, hawatamlaumu. Akaweka kando vitabu vyake, akatunga programu ya kupanga kurasa za chapa, akaiita TeX; alidhani itamchukua muda mfupi, ikamchukua miaka. Tangu mwaka wa 1978 aliandika katika orodha kila kosa aliloliona katika kazi hiyo, kubwa na dogo. Na mwaka wa 1989 akaitoa orodha yote hadharani, makosa zaidi ya 800, akiyagawa katika aina 15, kila aina na herufi yake: mahali hapa nilisahau, hapa sikufikiri, hapa nilidhani nimefikiri.

Tuwaze kidogo jambo hilo. Ni kama mwalimu aliyezikusanya kurasa zote za wino mwekundu tangu siku yake ya kwanza, akazishona kuwa kitabu, akakitia sahihi yake. Tena akatoa ahadi: yeyote atakayeliona kosa jipya katika vitabu vyake atalipwa dola 2 na senti 56. Senti 256 ni hesabu ipendwayo na watu wa kompyuta, maana ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mara kwa mara mpaka ziwe mbili 8. Wengi waliozipokea hundi zake hawakwenda benki. Walizitia katika fremu, wakazitundika ukutani. Mwaka wa 2008 ilimlazimu kuacha kutuma hundi za benki kwa sababu ya hatari ya wezi, akawa akitoa vyeti vya benki ya mzaha isiyokuwako popote duniani, na watu wakavitundika vile vile.

Kwetu Tanzania wazee wa namna hiyo ni wachache, na iko sababu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifika mwaka wa 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakajaribu kuziweka hesabu za serikali katika kompyuta, jambo likaharibika na fedha zikapotea. Na mwaka wa 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku, hata ilipokuja kulegezwa baadaye. Hatuwalaumu walioamua hivyo, kwa kuwa fedha za nchi changa si za kuchezea. Lakini wengi waliokuwa vijana miaka ile hawakupata mahali pa kukosea, na asiyepata mahali pa kukosea hana kazi ya kale ya kuicheka.

Faida ya kicheko hicho sisi waalimu twaiona kwa urahisi, kwa sababu kinyume chake tunacho kila siku. Katika madarasa yetu huja watoto waliolelewa kwa Kimwera, kwa Kimakonde, kwa Kimachinga, na upande wa Kilwa kwa Kimatumbi. Mtoto husimama kusoma insha yake, ulimi ukateleza katika neno moja, darasa lote likaangua kicheko. Tumemwona mtoto wa namna hiyo akinyamaza muhula mzima. Jibu analijua, macho yake yaonyesha kwamba analijua, lakini mkono haunyanyuki. Ukiusikiliza kwa nje ya dirisha, mlio wa kicheko kile na mlio wa hiki cha watunga programu ni mmoja. Tofauti ni kwamba kijana wetu alilifungua sanduku lake kwa mkono wake mwenyewe, akaichagua siku, akawachagua watu. Yule mtoto alifunguliwa sanduku na wengine.

Tena mwanagenzi amsikiapo Thompson akiitaja herufi yake iliyopotea, hupata pumzi. Hujua kwamba mabwana wale hawakushuka kutoka mbinguni wakijua kuandika. Na mtu asiyeona kosa lolote katika kazi yake ya miaka 10 iliyopita, ama siku zile alikuwa malaika, ama tangu hapo hajajifunza neno. Hayo tulimwambia mwalimu wetu mkubwa, naye akatujibu vizuri kuliko tulivyotarajia. Alisema, "Ni rahisi kwa Berners-Lee kujicheka, maana kazi yake imekwisha kuujaza ulimwengu. Mwenye ghala lililojaa huweza kusimulia habari za mwaka wa njaa. Huyu kijana bado anatafuta gunia la kwanza." Ni kweli, wala hatukuwa na jawabu. Wako pia, na tuseme bila kuficha, wajichekao ili wasifiwe unyenyekevu. Kosa waliletalo mbele za watu ni dogo lenye kupendeza, na yale makubwa yamefungiwa ndani.

Maana yako makubwa. Tony Hoare, Mwingereza mwenye sifa nyingi, alikuwa mwaka wa 1965 akitengeneza lugha ya kuandikia programu. Akatia ndani yake jina lisiloelekeza kwenye kitu chochote, kwa sababu tu lilikuwa rahisi kulitia. Ni kama kuruhusu barua zenye anwani ya nyumba isiyokuwako: tarishi huenda, hukanyaga mahali pasipo na kitu, huanguka. Lugha nyingi zikamfuata katika hilo, na programu zisizohesabika zimeanguka kwa namna hiyo. Mwaka wa 2009 alisimama London mbele ya watu wa kazi yake akaliita kosa lake la dola bilioni moja, akaomba radhi. Hapo mzaha ulikuwa mdogo, na toba ilikuwa nyingi.

Na kati ya mwaka wa 1985 na 1987 ilikuwako mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iitwayo Therac-25, katika hospitali za Marekani na Kanada. Kwa sababu ya makosa katika programu yake, wagonjwa 6 walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Wagonjwa walilia kwamba wameungua. Waliotengeneza mashine wakajibu mwanzoni kwamba haiwezekani.

Neno hilo "haiwezekani" ndilo lililofanya kazi mbaya Uingereza pia. Tangu mwaka wa 1999 Posta ya nchi ile ilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon katika vituo vyake. Wasimamizi wa vituo, wengi wao wenye maduka madogo vijijini, wakaanza kuona upungufu: programu yasema ziwepo fedha kadha, na sandukuni hazimo. Walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Wakalipa kutoka mifukoni mwao, wengine wakapoteza nyumba, wengine wakafungwa. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa hesabu zile. Mwaka wa 2019 jaji akatoa hukumu kwamba programu ilikuwa na makosa yenyewe, na mwaka wa 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu zile. Wako waliokufa kabla ya hapo, wakiwa wezi katika kumbukumbu za majirani.

Kwetu jambo hili si la mbali. Karani wa chama cha ushirika ni mtu tunayemjua, mtoto wa fulani, aliyesoma shule fulani. Zamani kilo zikipungua, daftari lilifunguliwa mezani, wazee wakaona wino umefutwa wapi na tarakimu imebadilishwa wapi. Siku hizi korosho hupita katika kompyuta, na kilo zikipungua hakuna wino wa kutazamwa. Kompyuta imesema, na karani amenyamaza. Siku hiyo tutataka sana awepo mahali fulani mtunga programu aliyezoea kusema mbele za watu, "Ngojeni, labda nimekosa mimi." Sidhani mtu huweza kuyatoa maneno hayo siku ya hatari kama hajayazoea siku ya mchezo. Hapo ndipo tulipompa kijana shauri letu: asiifute. Naye hakuifuta, ila aliandika juu yake mwaka alioiandika.

Lakini iko kazi yake moja nyingine ambayo hatujamsikia akiisoma kwa kucheka, ingawa wengi kijijini huicheka. Alipokuwa mwandishi wa kwaya, alitunga programu ya kuwapelekea waimbaji ujumbe katika simu zao, kuwakumbusha mazoezi. Alitaka ujumbe uende saa mbili asubuhi, akaandika 2. Sisi tunahesabu saa tangu mapambazuko. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, kama Wazungu. Saa 2 yake ni saa nane yetu ya usiku. Basi saa nane ya usiku simu za waimbaji wote zikalia kwa pamoja, na katika pwani hii hakuna mtu asiyejua simu ya saa nane ya usiku huleta habari gani. Watu waliruka vitandani. Mzee mmoja wa sauti ya nne alikuwa amekwisha kuvaa viatu na kuulizia njia ya kwenda msibani, kabla mkewe hajamsomea kwamba aombwa asichelewe mazoezi. Habari ya viatu vile husimuliwa mpaka leo, na yeye mwenyewe huisimulia kuliko wote.

Alikuwako pia bibi mmoja, mjane, ambaye mwanawe usiku ule alikuwa baharini akivua. Bibi huyu hawezi kusoma bila miwani, na miwani haikuonekana gizani. Alisikia mlio, akautazama mwanga wa simu, akajua kwamba mwanawe amekufa maji. Akapiga ukelele. Majirani wakaja, wanawake wakaanza kulia pamoja naye, mkeka ukatandikwa. Na kitambo kikubwa kilipita kabla kijana mmoja hajaichukua simu na kuusoma ujumbe. Mwanawe alirudi asubuhi na samaki wake, asijue kwamba ameliliwa.

Kijana wetu alikwenda mchana ule ule. Akabisha hodi, akasema, "Shikamoo, bibi." Akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu." Akaeleza habari za saa, na za hesabu ya Wazungu, na za ile 2. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji ya kunywa, akasema, "Mimi sina neno nawe. Lakini simu yangu usiipige tena." Programu ile ameitengeneza, na sasa humwuliza aandikaye kama ni saa za usiku au za mchana kabla ya kupeleka neno lolote. Jina la bibi limetolewa katika orodha. Siku ya mazoezi mtoto hutumwa mlangoni kwake, jua likiwa bado juu, akamwambie kwa mdomo.